Bangi na haki ya mwenye ukuta

Katika kampeni za urais za mwaka 2022, Profesa George Wajackoyah alizunguka Kenya akiahidi kwamba bangi italipa deni la taifa. Hakuishia hapo, alitaka pia tuuze nje sumu ya nyoka na korodani za fisi. Watu walimshangilia, wakapiga naye picha, halafu Agosti ilipofika wakampa kura 61,969, chini ya asilimia moja. Tangu hapo, anayetaja kuhalalisha bangi huonekana mchekeshaji au mfanyabiashara.

Afrika Kusini walipita mlango mwingine. Garreth Prince, Mrasta aliyesomea sheria, alizuiwa kuendelea na safari ya uwakili kwa sababu alikwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa kupatikana na bangi, na akasema waziwazi kwamba ataendelea kuivuta, maana ni ibada yake. Mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilimkatalia, majaji watano kwa wanne. Miaka ikapita, akarudi. Safari hii yeye na wenzake walisimama juu ya faragha: serikali inatafuta nini nyumbani kwa mtu mzima asiyemsumbua jirani? Tarehe 18 Septemba 2018 mahakama ileile, kwa hukumu iliyoandikwa na Raymond Zondo, ilikubali kwa kauli moja. Mtu mzima anaweza kuvuta, kuwa nayo na kuipanda faraghani kwa matumizi yake. Kuuza na kununua kulibaki kosa. Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria. Rais Ramaphosa alitia saini sheria mpya Mei 2024.

Naiheshimu hukumu ile. Hata hivyo, ilete Mathare, mtaa wa mabanda wa Nairobi, uione inavyopwaya. Chumba ni kimoja cha mabati, pazia ndilo linalowatenga wazazi na watoto. Faragha iko wapi? Na kama kununua ni kosa, asiye na hata futi moja ya udongo atapanda wapi? Kijana wa huko atavutia kichochoroni, na kichochoroni ndiko askari wa doria wanakopita. Mwenye nyumba katika mtaa wa kitajiri wa Runda ana ua, geti na bustani. Kwake haki hiyo itaingia bila hodi, ingawa kusema kweli hata leo sijasikia msako wa bangi ukigonga mageti ya Runda.

Kuna tatizo jingine, na kwetu ni kubwa zaidi. Majaji wale hawakutaja kiasi. Polisi aliachiwa apime mazingira: je, hii ni ya kuvuta mwenyewe au ya biashara? Mkenya yeyote aliyewahi kusimamishwa usiku anajua mazungumzo ya namna hiyo huishia mfukoni. Wajerumani waliliona hilo. Sheria yao iliyoanza Aprili 2024 inataja gramu 25 za kutembea nazo, gramu 50 nyumbani, miche mitatu. Mizani haibishani.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: vijana. Bangi huuumiza zaidi ubongo ambao haujakomaa, na kwa baadhi yao hufungua mlango wa maradhi ya akili. Nakubali. Lakini kumfunga mtu wa miaka 30 hakumlindi mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye msokoto anaupata leo, marufuku ikiwa palepale.

Jumuiya ya Marasta nchini ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kuipinga sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994. Wabunge wasingoje majaji wawafanyie kazi. Waondoe kifungo kwa mtu mzima anayepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe, awe sebuleni au kichochoroni. Waandike kiasi kwa gramu. Anayemuuzia mtoto abanwe vilivyo. Maduka na ndoto za kuuza nje zingoje. Kwanza atoke ndani yule aliyefungwa kwa msokoto.