Tamthilia za Upelelezi na Kesi Zetu za Kweli

Katika tamthilia za upelelezi zinazoingia majumbani mwetu kila jioni, askari huokota unywele mmoja, huutia katika mashine, na kabla ya dakika 45 kwisha jina na picha ya mhalifu vimeshatokea kwenye kioo. Mtindo huu ulivuma kwa tamthilia ya Kimarekani, CSI, iliyoanza mwaka 2000. Mwaka 2006 Jaji Donald Shelton wa Michigan aliwahoji raia wapatao 1,000 walioitwa kuamua kesi mahakamani. Asilimia 46 walitarajia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai, ingawa jaji huyo hakuilaumu runinga peke yake.

Kwetu raia hawaitwi kutoa hukumu namna hiyo. Athari hutuingilia kwa mlango mwingine, nao ni kikao cha familia. Mtoto akidhuriwa, kwa huruma na kwa kuogopa aibu huogeshwa, nguo zake zikafuliwa; kisha wakubwa wakakaa na kuulizana, "Bila DNA tutathibitisha nini?" Shauri likafia ukumbini, na mtuhumiwa akaendelea kupita njia ileile anayopita mtoto.

Sheria ya Ushahidi ya nchi yetu haidai hivyo. Haikuweka idadi maalumu ya mashahidi, na katika makosa ya kujamiiana inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Hatusemi kwamba maabara haina kazi. Wenyeji wa Maji ya Chai ndio wa mwisho kuhitaji somo hilo: rangi ya mto uliolipa eneo lao jina kila mtu anaiona, lakini floridi inayotia ukahawia meno ya watoto haionekani majini, na ilibidi ipimwe ndipo ijulikane. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayo ofisi ya kanda Arusha, na uchunguzi wa vinasaba una sheria yake tangu mwaka 2009. Ila sampuli haijipeleki. Huchukuliwa na mwenye mamlaka, hufungwa kwa lakiri, na kila mkono unaoipokea huandikwa. Runinga haionyeshi karatasi hizo, kwani hazina msisimko.

Tena wataalamu nao hukosea. Mwaka 2004, baada ya milipuko ya treni mjini Madrid, FBI ilimkamata Brandon Mayfield, wakili Mwislamu wa Oregon, ikidai alama ya kidole ni yake. Alikaa kizuizini takriban wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipoonyesha kuwa alama hiyo ni ya mtu mwingine. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi, na mwaka 2006 ikamlipa dola milioni 2.

Kwa mzazi, basi, kazi ni nyepesi kuliko anavyodhani. Mtoto asiogeshwe kwanza. Apelekwe polisi na hospitali siku ileile, kwa kuwa dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Nguo zisifuliwe. Zikiwa mbichi zianikwe kivulini, kisha zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu unyevu ukifungiwa huleta ukungu, na ukungu huharibu vinasaba.