Ugonjwa wa Kiwele Usiosikia Dawa: Tufanye Nini na Mbuzi Wetu wa Maziwa?



Katika vikundi tunavyotembelea kuna swali moja linalorudi kila mara: "Mbuzi wetu tumemtibu mara tatu na bado kiwele kinavimba. Tununue dawa gani yenye nguvu zaidi?" Tumeona ni afadhali tulijibu hapa, ili wanavikundi wote wasome na kujadiliana.

Jibu letu kwa kifupi ni hili. Mara nyingi shida si dawa kukosa nguvu. Shida ni matibabu yaliyokatwa katikati, na mikono inayokamua. Tena kuna mbuzi ambaye hata tukifanya yote hatapona, na hapo kikundi lazima kiwe na moyo wa kuamua.

Yaliyotokea katika kikundi kimoja

Tulikuwa na kikundi cha akina mama upande wa Meru. Huko watu wamezoea mbuzi aina ya Toggenburg tangu mwaka 1996, walipoanza kuletwa kutoka Uingereza ili wapandishwe na mbuzi wa kienyeji. Kikundi hiki kilikuwa na mbuzi wanne wa maziwa katika banda moja. Mpango wao ulikuwa kwamba mbuzi akizaa jike, mtoto huyo anakwenda kwa mwanachama anayefuata kwenye orodha. Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha alikuwa amengoja karibu miaka miwili.

Mbuzi wao bora alikuwa akitoa kama lita 2 kwa siku. Siku moja upande mmoja wa kiwele ukavimba na kuwa na joto, na maziwa yakatoka na mabonge. Wakanunua tyubu ya dawa dukani. Baada ya siku mbili maziwa yakaonekana safi, wakaacha dawa. "Kwa nini tuimalize na ameshapona? Pesa ni kidogo," wakasema. Wiki tatu baadaye ugonjwa ukarudi. Wakafanya vile vile. Mara ya tatu walibadilisha dawa, wakachukua ya bei kubwa zaidi. Sasa upande ule ulikuwa mgumu kama kiazi, na mbuzi wa pili naye akaanza.

Siku tuliyofika tuliwaomba wakamue kama kawaida, sisi tuangalie tu. Tukaona ndoo moja ya maji, kitambaa kimoja cha kupangusa viwele vyote vinne, na mkebe mmoja wa mafuta ya kukamulia ambao kila mkono ulichovya. Yule mbuzi mgonjwa ndiye aliyekamuliwa kwanza, kwa sababu alikuwa mkubwa na hakupenda kungoja.

Hakuna aliyefanya makosa kwa kutaka. Hakuna aliyekuwa amewaambia.

Kwa nini ugonjwa unarudi

Ugonjwa wa kiwele, au mastaitisi, huletwa na viini vinavyoingia kupitia tundu la chuchu. Viini ni vya aina nyingi. Vile sugu zaidi ni aina ya bakteria wanaoitwa stafilokokasi. Hawa huishi kwenye ngozi, kwenye vidonda vya chuchu na hata kwenye mikono yetu. Ni jamaa ya wale wanaoleta majipu kwa watu.

Bakteria hawa wakishaingia hujificha ndani kabisa ya nyama ya kiwele. Mwili wa mbuzi hujaribu kuwafungia kwa kujenga kovu kuwazunguka. Kovu hilo ndilo lile bonge gumu tunalolishika kwa vidole. Dawa hufika kwa shida ndani ya kovu. Kwa hiyo ukitibu siku mbili, unaua walio nje na maziwa yanaonekana mazuri, lakini walio ndani wanabaki. Baada ya wiki chache wanatoka tena. Na kila mara tunapokatiza dawa tunawapa viini nafasi ya kuizoea, mpaka haiwafanyi kitu.

Ndiyo sababu ugonjwa wa siku ya kwanza unatibika kwa urahisi kuliko wa mwezi wa tatu.

Kuutambua mapema

Usingoje kiwele kivimbe. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, toa michirizi miwili au mitatu ya kwanza kwenye kikombe kilichofunikwa kitambaa cheusi. Mabonge, uzi uzi, maji maji au damu vitaonekana hapo mara moja. Usiitoe michirizi hiyo sakafuni wala kiganjani.

Kuna ugonjwa mwingine uliojificha, maziwa yanaonekana sawa lakini yanapungua. Huu unapimwa kwa sabuni. Changanya vijiko 3 vya chai vya sabuni ya unga ya kufulia na nusu lita ya maji. Kamulia maziwa kidogo ya kila upande katika kisahani chake, ongeza maji ya sabuni kiasi kile kile, kisha zungusha polepole. Yakibaki majimaji, ni dalili nzuri. Yakiwa mazito kama ute wa yai, kuna tatizo. Kumbuka lakini kwamba maziwa ya mbuzi huwa mazito kidogo kuliko ya ng'ombe katika kipimo hiki, hasa anapokaribia kukauka. Kwa hiyo linganisha pande mbili. Upande mmoja ukiwa mzito na mwingine majimaji, mwite daktari wa mifugo. Mwaga maziwa ya kipimo, osha visahani vizuri, na usivitumie kwa chakula.

Angalizo: kiwele kikiwa baridi, chenye rangi ya buluu au nyeusi, na mbuzi amekataa kula, usingoje kesho. Huo ni ugonjwa mbaya unaoozesha kiwele na unaweza kumuua haraka. Daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Matibabu yasiyokatwa katikati

1. Pima kwanza, tibu baadaye. Kwa mbuzi aliyerudiwa na ugonjwa, maziwa yapelekwe maabara kabla ya kumpa dawa nyingine. Daktari atakupa chupa safi. Pangusa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, mwaga michirizi ya kwanza, kisha kamulia kidogo ndani ya chupa bila kugusa mdomo wake. Iweke penye baridi na uifikishe siku hiyo au kesho yake. Maabara kuu ya mifugo iko Kabete, na kuna nyingine katika sehemu mbalimbali, kama Karatina na Mariakani. Huko wataonyesha ni kiini gani na ni dawa gani inayokiweza. Gharama ya kipimo kimoja, vikundi vingi vitagundua, si kubwa ukiilinganisha na dawa tatu za kubahatisha.

2. Daktari achague dawa. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, kwa hiyo anzeni kwa kuuliza ofisi ya mifugo iliyo karibu nanyi. Msiulize dukani tu. Tyubu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, na daktari ndiye atakayewaambia kiasi cha mbuzi, siku ngapi, na kama inahitajika sindano pamoja.

3. Tyubu moja ni ya chuchu moja. Tumeona watu wakigawa tyubu moja nusu huku na nusu kule. Hapo dawa inakuwa kidogo pande zote, na ncha inabeba viini kutoka upande mgonjwa hadi ule mzima. Kamua mpaka upande uishe, safisha ncha ya chuchu kwa spiriti, ngoja ikauke, kisha ingiza ncha ya tyubu kidogo tu. Usiisukume yote ndani, utaumiza tundu la chuchu.

4. Maliza siku zote ulizoambiwa, hata maziwa yakiwa safi siku ya pili. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoanguka.

5. Andika. Kikundi kiwe na daftari: tarehe, jina la mbuzi, upande gani, dawa gani, siku ngapi, na siku maziwa yatakaporuhusiwa. Bila daftari kila mtu atakumbuka lake.

Maziwa ya mbuzi mgonjwa

Hapa tunaomba msikie vizuri, kwa sababu ni afya ya watoto wetu. Wengine husema, "Tukichemsha hayana neno." Si kweli. Kuchemsha kunaua viini, lakini wale stafilokokasi huacha sumu ambayo haiishi kwa moto wa jikoni, na sumu hiyo hutapisha na kuharisha. Mabaki ya dawa nayo hayaondoki yote kwa kuchemsha. Yanaweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake unaikataa dawa hiyo, na pia yanaharibu mala, haigandi.

Maziwa yenye mabonge au ya mbuzi aliye kwenye dawa yamwagwe shimoni na kufukiwa. Msiyauze, wala msimpe mbwa au paka. Watoto wa mbuzi huyo wapewe maziwa ya mbuzi mzima. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye kasha la dawa, lakini zimehesabiwa kwa ng'ombe. Kwa mbuzi muulize daktari, huenda akaziongeza.

Mikono yetu

Yule mbuzi wa pili katika kikundi cha Meru hakuambukizwa na upepo. Aliambukizwa na kitambaa na mkebe. Kwa hiyo tulikubaliana hivi:

- Kila mbuzi ana kitambaa chake, kinachofuliwa na kuanikwa juani kila siku.
- Mkamuaji ananawa kwa sabuni kabla ya kila mbuzi. Mwenye kidonda au jipu mkononi asikamue.
- Mafuta ya kukamulia yanachotwa kwa kijiko safi, hakuna kuchovya vidole.
- Wanaokamuliwa kwanza ni wazima, wagonjwa ni wa mwisho.
- Chuchu inabanwa kwa kiganja kizima, haivutwi kwa vidole viwili. Kuvuta kunaichubua.
- Baada ya kukamua, chuchu inachovywa kwenye dawa yenye iodini, na mbuzi anapewa majani ili asimame kama nusu saa, mpaka tundu lijifunge. Akilala mara moja kwenye kinyesi, anavuta uchafu ndani.
- Sakafu ya banda iwe imeinuliwa, kavu, na ifagiliwe kila siku.

Wakati mzuri wa kumpambania: anapokaushwa

Mbuzi sugu mara nyingi hatibiki vizuri akiwa anakamuliwa. Wakati bora ni anapokaushwa, karibu miezi 2 kabla ya kuzaa. Punguza chakula cha nguvu, kisha acha kumkamua. Baada ya kukamua mara ya mwisho, daktari huweka katika kila chuchu dawa maalumu inayokaa muda mrefu ndani ya kiwele. Kwa wiki mbili zinazofuata kiangalie kiwele kila siku kwa macho na kwa mkono, lakini usikamue. Mimba ya mbuzi ni kama siku 150, kwa hiyo mwenye kuandika tarehe ya kupandisha ndiye atakayejua lini akaushe.

Na asipopona?

Ikiwa ametibiwa sawasawa, siku zote zimetimizwa, amekaushwa na dawa, na bado anarudiwa. Au upande umejaa mabonge magumu. Mbuzi huyo amekuwa ghala la ugonjwa. Kila siku anayobaki bandani anahatarisha wenzake.

Kuna pia mbuzi ambaye baada ya kuzaa kiwele chote kinakuwa kigumu, maziwa ni kidogo lakini ni safi. Huenda huo ni ugonjwa wa virusi, ambao dawa za bakteria haziuwezi. Muonyesheni daktari kabla ya kutumia pesa.

Katika kikundi chetu, mbuzi wa pili alipona, maana aliwahiwa. Yule wa kwanza hakupona. Mkutano ulikuwa mgumu. Mmoja alisema apelekwe soko la mbali, auzwe kama mbuzi wa maziwa, nani atajua? Kukawa kimya. Kisha yule mama aliyengoja miaka miwili akasema, "Mimi ningemnunua huyo mbuzi. Ningeuza kuku wangu wote nimnunue." Hakuna aliyeongea tena juu ya soko. Walingoja siku za dawa ziishe mwilini, daktari akakubali, wakamuuzia mchinjaji wakimweleza ukweli. Pesa zilikuwa kidogo, nazo zilinunua vitambaa, iodini na daftari, na nyingine zikabaki kwenye sanduku. Mwaka uliofuata mbuzi wa pili alizaa jike, na mama yule akampeleka nyumbani.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Nani anakamua mbuzi wetu, na ni lini mara ya mwisho tulimwangalia akikamua?
2. Je, kuna mbuzi wetu ambaye matibabu yake yalikatwa katikati? Kwa nini?
3. Pesa za dawa na za maabara zitoke wapi, ili mtu mmoja asilemewe?
4. Tukubaliane leo, kabla hatujawa na mgonjwa: mbuzi akirudiwa mara ngapi ndipo tutamwacha, na tutamuuzaje bila kumdanganya mwenzetu?