Likizo ya milimani na watoto: jua njia ya zahanati kabla ya kupanda

Kwa familia nyingi za Tanga, Muheza, Korogwe na hata Dar es Salaam, likizo ya shule haihitaji ndege wala hoteli kubwa. Unashuka Mombo, unashika barabara ya kona inayopanda kilomita kama 33 hadi Lushoto, na joto la bondeni unaliacha nyuma. Huko juu, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kuna msitu wa Magamba, maporomoko ya maji ya Soni na ukingo wa Irente unaokuonyesha nyika yote chini yako. Mwenye siku zaidi husogea hadi Mambo au Mtae, kwa ndugu au kwenye nyumba ndogo za wageni.

Kwa kuwa si mbali, wengi wetu hufungasha kama tunaokwenda kwa jirani. Hapo ndipo penye hatari. Mjini, mtoto akichemka usiku unaita bodaboda na baada ya dakika chache uko hospitali. Katika kijiji cha mwisho wa mlima, zahanati inaweza kuwa imefungwa, mtandao wa simu unakuja na kupotea, na mvua ikinyesha barabara ya udongo inateleza. Ugonjwa ni uleule wa nyumbani, ila saa za kufika kwenye matibabu zimeongezeka.

Basi kabla ya kukata tiketi, mpigie mwenyeji wako. Muulize zahanati ya karibu iko wapi, inafungwa saa ngapi, ina kipimo cha malaria, na ni nani kijijini mwenye gari au pikipiki anayekubali kutoka usiku. Namba ya dereva huyo iandike kwenye karatasi, maana simu huisha chaji. Beba kadi ya kliniki ya mtoto na kadi ya bima kama mnayo, na tenga nauli ya dharura ambayo hutaigusa hata ukikutana na mapeasi ya Soni. Kama una ujauzito, umejifungua karibuni au una mtoto mchanga, kumbuka namba 115 ya m-mama: kupiga ni bure, na ni kwa ajili ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga.

Kwenye mkoba weka pakiti chache za ORS, vidonge vya zinki, panado ya maji yenye kipimo chake, kipimajoto, na dawa zote ambazo mtoto hutumia kila siku. Usitegemee kuzikuta huko.

Homa ya mlimani

Utasikia watu wakisema Lushoto hakuna mbu. Ni kweli kwamba baridi hupunguza malaria milimani, lakini haiiondoi. Isitoshe, malaria haianzi siku ile mtoto anapoumwa na mbu. Mara nyingi homa hutokea wiki moja hadi mbili baadaye, pengine zaidi. Kwa hiyo mtoto anayepata homa siku ya tatu ya likizo anaweza kuwa alipanda mlima na malaria aliyoipata nyumbani. Usiseme "ni baridi tu" ukampa panado na kusubiri. Homa yoyote ya mtoto mdogo ipimwe siku hiyohiyo au, ikianza usiku, kesho yake asubuhi. Na kama mnalala njiani Korogwe au Mombo, tumieni chandarua chenye dawa.

Kuna hali ambazo hazisubiri asubuhi. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu anachopewa, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, mwite yule dereva sasa hivi. Fanya hivyo pia akipumua kwa shida au kwa haraka isiyo ya kawaida. Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kikiingia ndani kila anapovuta hewa, hali ni mbaya zaidi.

Kutapika kuna kisa chake katika barabara hii. Kona za Mombo hadi Lushoto huwatapisha hata watu wazima. Mpe mtoto chakula chepesi kabla ya kupanda, mkalishe mbele au dirishani, na umwonyeshe vitu vya mbali. Kutapika kwa kona huisha muda mfupi baada ya kushuka garini. Kukiendelea jioni, au kukija na homa au kuharisha, usiisingizie barabara tena.

Maji ya chemchemi yanayong'aa kama kioo nayo yachemshwe, kwa sababu huko juu pia kuna mifugo na vyoo. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata kidogo, maziwa ya mama yanamtosha. Anayeharisha apewe ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, kidogokidogo kwa kijiko au kikombe, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14. Aendelee kunyonya na kula.

Usiku wa baridi na jiko la mkaa

Kati ya Juni na Agosti usiku wa Lushoto ni baridi kweli, na mtoto wa Tanga mjini hana sweta. Ndipo mtu anapoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto walale vizuri. Ningependa kila mama alishike hili kuliko mengine yote: mkaa unaowaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kufa usingizini. Mkaa uliobaki na moto kidogo tu bado unaitoa. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha. Jiko litoke nje kabla hamjalala, na watoto walale pamoja na wakubwa kwa mablanketi, soksi na kofia. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni wote nje haraka, kisha mwende hospitali.

Mtoto mwenye selimundu anahitaji uangalifu wa pekee, kwani baridi na kukosa maji mwilini vinaweza kuamsha maumivu makali. Ongea na kliniki yake kabla ya safari, na ukikubaliwa umvishe nguo nzito na umnyweshe maji mara kwa mara hata kama hasikii kiu. Mwenye pumu asiiache pampu yake.

Matembezini, mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote karibu na ukingo wa Irente na kwenye mawe ya maporomoko, hata kama anakasirika. Akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, usipake pilipili wala mafuta ya taa, na umpeleke siku hiyohiyo kuchanjwa kichaa cha mbwa. Zahanati ndogo inaweza isiwe na chanjo, hivyo uliza kwanza kwa simu au nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya. Akiumwa na nyoka, usichanje wala usifunge kamba. Mtulize, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, na abebwe hadi hospitali.

Mkirudi nyumbani, endelea kumwangalia kwa wiki chache. Akipata homa mpeleke akapimwe, na mwambie mhudumu mlikuwa wapi na mlirudi lini.