Baiti na Herufi: Usomaji wa Mkondo wa Matini na Orodha ya Maneno ya Kinyangiri

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna programu ya kompyuta inavyosoma matini herufi baada ya herufi, na sababu ya jambo hilo kumhusu mwanaisimu. Tumesukumwa kuyaandika na tukio moja. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wetu wa uzamili alikusanya orodha ya maneno ya Kinyiramba huko Kinyangiri, mkoani Singida. Kinyiramba kina irabu saba, na herufi tano za irabu za Kiswahili hazitoshi kuziandika. Hivyo mkusanyaji aliongeza ɨ na ʉ. Orodha hiyo ilipitishwa katika programu fupi ya Java ya kupanga maneno, iliyoandikwa na mwandishi wa makala haya mwenyewe. Ilirudi ikiwa na alama mbili za kuuliza mahali pa kila ɨ, na mbili vilevile mahali pa kila ʉ. Tofauti iliyokuwa kiini cha utafiti ilikuwa imefutika, na faili mpya ilikwisha kuandikwa juu ya ile ya kwanza.

2.0 Kwa nini alama mbili?

Faili haina herufi ndani yake. Ina baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255, na herufi huzaliwa pale tu namba hizo zinapofasiriwa kwa mfumo fulani wa usimbaji. Katika UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ɨ huandikwa kwa baiti mbili, 201 na 168. Nayo ʉ kwa 202 na 137. ASCII haizitambui namba zinazozidi 127. Programu yetu, iliyosoma kwa ASCII, ilikutana na baiti mbili ngeni na kuweka alama moja badala ya kila baiti. Lau ingesoma kwa ISO 8859-1, ɨ ingeonekana kama É ikifuatwa na ¨. Hilo ni chukizo kwa macho, lakini baiti zingalikuwapo na kosa lingetenguliwa. Kwa ASCII hapakubaki cha kutengua.

Java ilipotolewa mwaka 1996 ilitegemea zaidi mikondo ya baiti, chini ya InputStream. Toleo la 1.1, mwaka 1997, lilileta ngeli ya Reader kwa mikondo ya herufi. (Tunasema “ngeli” kwa makusudi: wanaoliita “darasa” wamesahau kwamba sarufi yetu ina neno la kundi la vitu vyenye tabia moja.) Reader ni ngeli dhahania, haitumiki yenyewe bali hurithiwa. InputStreamReader, iliyo mrithi wake, huuvika mkondo wa baiti na kutoa herufi, nayo BufferedReader huivika hiyo tena ili kusoma mstari mzima kwa mara moja. Tendo la read hurejesha namba, na -1 mkondo unapokwisha. Anayeigeuza namba kuwa herufi kabla ya kuikagua hupata 65535, na programu yake haitajua imefika mwisho.

Ufasiri wote hufanyika ndani ya InputStreamReader. Usipoitajia usimbaji, hutumia ule wa mashine. Hadi Java 18 ya mwaka 2022, chaguo hilo lilitegemea mfumo endeshi na mipangilio yake. Tangu hapo ni UTF-8. Mashine yetu ilikuwa na ASCII, nasi hatukutaja lolote.

3.0 Kiswahili kama pazia

Ni haki kuuliza ilikuwaje programu hiyo itumike kwa miaka bila kasoro. Jibu ni kwamba ilisoma Kiswahili. Tahajia yetu sanifu huenea yote ndani ya ASCII, na matini ya Kiswahili husomeka sawasawa hata msomaji akikosea usimbaji. Hitilafu hujitokeza tu mtu anapoandika ng’ombe kwa kistari kilichopinda, ambacho katika UTF-8 ni baiti tatu. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, alikuwa ameandika pia juu ya Kinyiramba. Yeye asingedhani kwamba alfabeti ya lugha moja yaitosha nyingine.

Hata usimbaji ukitajwa, herufi ya Java si herufi ya mwanaisimu. Ni kipande cha biti 16. Irabu ɨ yenye alama ya toni ya juu ni vipande viwili, na programu inayohesabu urefu wa neno kwa vipande itahesabu toni kama irabu.

Orodha ya Kinyangiri iliandikwa upya kutoka katika daftari la kalamu ya wino, kazi ya majuma matatu. Maneno machache ambayo mwino wake ulikuwa umefifia yamebaki na alama za kuuliza hadi leo, safari hii moja moja.