Grafini: Tabaka Lisilo na Ndani

Katika kipande cha chuma, atomu chache mno ndizo zinazogusana na hewa. Zilizobaki zimefichika ndani. Grafini haina ndani. Ni tabaka moja tu la atomu za kaboni zilizoshikana kwa pembesita kama sega la nyuki, na kila atomu iko wazi juu na chini. Ndiyo maana chochote kinachotua juu yake hugusa atomu zake moja kwa moja.

Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ndio walioitenga mwaka 2004. Walibandua grafiti, ileile inayotiwa kwenye penseli, kwa selotepu mpaka wakabakiwa na unene wa atomu moja. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kila atomu ya kaboni ina elektroni nne za kuungia. Tatu huishikanisha na jirani zake watatu. Ya nne haifungwi na jirani mmoja, bali husambaa kwenye tabaka zima. Hizo za nne ndizo zinazopitisha umeme kwa wepesi wa ajabu. Ndizo pia zinazofyonza mwanga: asilimia 2.3 ya mwanga unaoonekana, kiasi kikubwa kwa kitu chembamba hivyo.

Haidrojeni ikishikamana na kaboni, elektroni ile ya nne hufungwa. Mwaka 2009 watafiti wa Manchester waliiweka grafini kwenye plazma ya haidrojeni, na kipitishi hodari kikageuka kuwa kizuizi cha umeme. Walipoipasha moto, haidrojeni ikatoka na sehemu kubwa ya tabia za awali ikarejea. Mwaka uliofuata walitumia florini. Tabaka likaacha kupitisha umeme na likawa angavu, likianza kufyonza mwanga kwenye rangi ya bluu tu.

Si kila mgeni hufunga ndoa na kaboni. Molekuli ya naitrojeni dioksaidi hutua tu na kuvuta elektroni, lakini hilo linatosha kubadili mkondo wa umeme. Mwaka 2007 maabara hiyohiyo ilionyesha kuwa grafini inaweza kuhisi molekuli mojamoja za gesi hiyo. Wepesi huohuo wa kuhisi ni kero kwa mhandisi, kwani unyevu na mabaki ya gundi navyo huivuruga.

Kikwazo kikubwa kiko kwenye transista, yaani swichi ndogo za umeme. Grafini safi haina pengo la nishati, yaani viwango vya nishati ambavyo elektroni haziruhusiwi kuwa navyo, hivyo swichi iliyotengenezwa nayo haizimiki sawasawa. Atomu ngeni hufungua pengo hilo, lakini huzikwaza elektroni njiani na kupunguza wepesi wake. Kwa hiyo mustakabali wa grafini katika elektroniki hautegemei usafi wake peke yake. Unategemea uwezo wa kuamua ni atomu gani itue, wapi, na kwa wingi gani.