Mkusanyaji wa Mimea na Hazina ya Msamiati

Percy James Greenway, mwanabotania wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, alikusanya na kukausha mimea ya Tanganyika. Mwaka 1937 alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza. Katika kazi ya namna hii, mkusanyaji huwategemea wenyeji, kwani wao ndio wamtajiao jina na matumizi ya kila mmea. Tuchukue mfano wa mvule. Enzi za Greenway wataalamu waliuita Chlorophora excelsa; tangu mwaka 1982 huitwa Milicia excelsa. Jina la kitaalamu limebadilika, ilhali la Kiswahili limedumu. Hivyo basi, mwanaleksikografia naye hana budi kuingia msituni: mzee ajuaye majina hayo akifariki kabla hayajaandikwa, msamiati huzikwa pamoja naye.