Mlango Wenye Pazia Fupi, Immermannstraße

Ukitoka kituo kikuu cha reli cha Düsseldorf na kuvuka barabara, haupiti muda kabla hujakutana na kibao cha mtaa chenye maandishi ya aina mbili: Immermannstraße kwa herufi za Kilatini, na jina hilohilo kwa herufi za Kijapani. Kibao hicho kiliwekwa mwaka 2021, Ujerumani na Japani zilipoadhimisha miaka 160 ya uhusiano wao. Wageni wengi hupiga picha hapo, kisha huingia mgahawa wa kwanza wenye taa nyekundu za karatasi. Mimi ningekuomba usubiri kidogo. Taa za karatasi zinanunuliwa popote duniani. Swali la kujiuliza ukiwa bado nje ni hili: mgahawa huu ulifunguliwa ili ale nani?

Mtaa huu una jibu ambalo miji mingi haina. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni za biashara za Japani zilianza kuja Düsseldorf katika miaka ya 1950, zikifuata chuma, mitambo na kemikali za bonde la Ruhr lililo jirani. Wafanyakazi walifuatwa na familia zao. Shule ya Kijapani ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka 1978 likasimama hapa Immermannstraße jengo kubwa la kituo cha Ujerumani na Japani, lenye hoteli na ofisi. Leo mji una Wajapani takriban 8,000, miongoni mwa jumuiya zao kubwa zaidi Ulaya. Wengi wao hukaa miaka michache tu, kisha kampuni huwarudisha nyumbani na kuleta wengine. Kwa hiyo mpishi wa mtaa huu kila mwaka hupikia watu waliotoka Osaka au Nagoya juzijuzi, ambao ladha ya kwao bado wanayo ulimini. Mteja wa namna hiyo hadanganyiki.

Msomaji wetu aliyewahi kuishi ughaibuni anaielewa hali hii bila kuelezwa. Kuna mgahawa unaouza "chakula cha Afrika" kwa wapita njia, na kuna nyumba ya dada fulani ambako Jumapili wenyeji wa Mombasa na Unguja hukusanyika kwa sahani ya pilau. Viungo vya kule havipunguzwi, kwa kuwa walaji ni wale wale waliokua navyo. Huko ndiko kwa kwenda, hata kama hakuna kibao mlangoni.

Dalili ya pili imo ndani ya jina. Wajapani huita migahawa yao kwa kile inachopika, wakimalizia na silabi "ya", yaani duka au nyumba ya kazi fulani: sushi-ya, soba-ya, ramen-ya, unagi-ya kwa mikunga wa kuchoma. Anayechoma kuku kwenye mishikaki hakati samaki mbichi, na anayekanda tambi za soba hauzi mikunga. Sisi nasi tunayo desturi hiyo: muuza urojo wa Zanzibar hatandazi na biriani, na wa supu ya pweza ana sufuria yake moja aliyoizoea kwa miaka. Ukiona menyu yenye kurasa kumi, sushi ukurasa wa kwanza, kari ya Thailand wa nne na bata wa Kichina wa saba, huenda chakula kikawa kitamu, lakini hukuja kwa ajili hiyo. Izakaya tu ndiyo yenye ruhusa ya kuchanganya, maana hiyo ni baa ya jioni, na sahani zake ndogondogo ni za kusindikizia kinywaji.

Lakini kiini chote cha upishi huu, na hapa ndipo ninapotaka tukae, ni mchuzi mwepesi unaoitwa dashi. Ni maji, mwani mkavu mpana unaoitwa kombu, na katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi wa kuni mara nyingi, akakaushwa hadi kuwa mgumu kama kipande cha mti. Ile ya daraja la juu huoteshwa kuvu maalumu na kuanikwa juani, tena na tena, kwa miezi. Ikiwa tayari haikatwi kwa kisu. Hupitishwa kwenye randa, kama ya seremala, ikatoa maganda membamba ya rangi ya waridi. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alichunguza mchuzi wa kombu akagundua kinachoipa utamu wake ule usio wa sukari wala chumvi: glutamati. Ladha hiyo akaiita umami. Miaka mitano baadaye mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata kiini kingine ndani ya katsuobushi. Viwili hivyo vikikutana, kila kimoja humwongezea mwenzake nguvu, na ndiyo sababu maji yanayoonekana kama chai hafifu yanaweza kubeba mlo mzima.

Sasa fikiria kuyapika hayo Ulaya. Kombu hupenda maji laini kama ya Kyoto, nayo maji ya bomba ya miji mingi ya Ulaya yana chokaa nyingi. Ladha haitoki vizuri, hivyo mpishi makini huyachuja kwanza. Katsuobushi nayo ilikuwa na mkasa wake. Moshi ule unaoipa harufu huacha kemikali ambazo Umoja wa Ulaya umeziwekea kikomo, na bidhaa nyingi kutoka Japani zilikipita kikomo hicho. Mwaka 2016 watengenezaji kutoka Makurazaki, mji wa kusini mwa Japani unaosifika kwa kazi hiyo, walifungua kiwanda Concarneau, pwani ya Ufaransa, ili waitengeneze humu humu kwa masharti ya Ulaya. Mtu anavuka nusu ya dunia kwenda kufukiza samaki ili bakuli la supu lisipoteze harufu yake. Njia ya mkato ipo, nayo ni unga wa dashi wa pakiti, ambao hata nyumbani Japani hutumika kila siku. Siulaumu. Ila mgahawa unaotoza bei ya kazi ya mikono unapaswa kuwa umeifanya.

Kuhusu sushi nitakuwa mfupi. Wengi huuliza kama samaki ni freshi wa leo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka sehemu kubwa ya samaki wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza, angalau saa 24 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ili kuua minyoo, kwa hiyo swali hilo halikusaidii sana. Angalia wali. Uwe na uvuguvugu wa mwili, siki isikike bila kuchoma, punje zishikane mkononi na zitawanyike mdomoni. Wali baridi uliokakamaa kwenye friji hauokolewi na samaki yeyote. Na wasabi ya kweli, mzizi uliosagwa papo hapo, hupoteza ukali wake baada ya dakika chache. Ile ya kijani kibichi kwenye mrija kwa kawaida ni mzizi mwingine wa Ulaya uliotiwa haradali na rangi.

Neno "halisi" lenyewe lina mitego. Tempura ina asili ya Wareno wa karne ya 16, ramen ilitoka kwa Wachina, na samoni mbichi juu ya wali ilienea baada ya Wanorwe kuanza kuinadi Japani katika miaka ya 1980. Awali Wajapani hawakumla mbichi, wakihofia minyoo ya samoni wa Pasifiki. Mwaka 2006 waziri wa kilimo wa Japani, Toshikatsu Matsuoka, alipendekeza serikali iithibitishe migahawa ya ng'ambo. Magazeti ya Marekani yakapaza sauti kuhusu "polisi wa sushi", na mpango ukalegezwa mwaka uliofuata. Wakati huo migahawa ya Kijapani nje ya Japani ilihesabiwa kuwa kama 24,000; mwaka 2023 ilifika takriban 187,000, na hakuna polisi ambaye angeimudu. Tangu 2016 wizara ya kilimo ya Japani imechukua njia ninayoiona ya haki zaidi: inawatambua wapishi wageni waliojifunza, kwa ngazi za dhahabu, fedha na shaba. Mpishi si lazima awe Mjapani. Alichojifunza, na kwa muda gani, ndicho kinachohesabika.

Basi nenda siku ya kazi, saa sita mchana, wafanyakazi wa ofisi wanapotoka. Tafuta mlango wenye pazia fupi la kitambaa, noren, na karatasi ya chakula cha leo iliyoandikwa kwa mkono kwa Kijapani. Foleni ya watu wenye suti wanaongoja kimya ni ushahidi bora kuliko nyota za mtandaoni. Kaa kaunta umwone mpishi. Agiza teishoku, sinia ya mchana: wali, samaki wa kuchoma, achari, labda mchicha uliotiwa ufuta wa kusagwa. Japani hununua nje karibu ufuta wake wote, na Tanzania imo miongoni mwa wanaoiuzia, kwa hiyo mkulima wa Lindi asingeona ugeni kwenye kibakuli hicho. Pamoja na hayo yote italetwa supu ya miso. Iinue kwa mikono miwili, kama bakuli la uji, ilete karibu na uso na uvute pumzi kabla ya kunywa. Kama dashi ilipikwa asubuhi hiyo, utaunusa moshi kwanza, kisha bahari.